Makala ninazozihitaji zinadai dola, na tasnifu inasubiriwa

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo Mama Mkutubi,

Mimi ni afisa ugani katika wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, na pia ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimojawapo hapa nchini. Masomo ya darasani niliyamaliza mwaka jana, nikarudi kwenye kituo changu cha kazi ili nifanye utafiti huku nikiendelea kuwahudumia wakulima. Mada yangu ni uhusiano kati ya namna kaya zinavyohifadhi mahindi na kuwepo kwa sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu, katika mahindi hayo. Niliichagua kwa sababu kila msimu ninaona magunia yenye unyevu yakishushwa sokoni Kibaigwa, na kwa sababu sijasahau watu wa mkoa wetu na wa Manyara waliougua, na wengine kufariki, kwa sumu hiyo mwaka 2016.

Nilipokuwa chuoni, makala nilizozitafuta kwenye kompyuta za maktaba zilifunguka bila mimi kuulizwa chochote. Tangu nirudi huku, kila ninapojaribu kufungua makala kwa kompyuta yangu niliyoiunganisha na simu, ukurasa unanitaka nilipe dola 39, na hiyo ni kwa makala moja tu yenye kurasa nane. Nikiandika kichwa chote cha utafiti wangu kwenye Google, naletewa matokeo yasiyohesabika ambayo mengi hayahusiani kabisa na jambo langu. Nikikiandika kichwa hicho hicho kwenye katalogi ya maktaba yetu, naambiwa hakuna hata tokeo moja.

Msimamizi wangu amenirudishia sura ya pili. Anasema vyanzo vyangu vingi ni kurasa za mtandaoni zisizo na mwandishi, na kwamba kuna marejeo saba ambayo ameyatafuta asiyaone popote. Ukweli ambao sijathubutu kumwambia ni kwamba hayo saba nilipewa na programu ya akili mnemba niliyoiomba inisaidie. Yalikuwa na majina ya waandishi, miaka na majina ya majarida, nami nikaamini yapo. Sikuwahi kuyasoma.

Rafiki yangu anayesoma katika chuo kingine amejitolea kunipa jina lake la mtumiaji na nywila yake ili niingie kwenye maktaba ya chuo chao. Mume wangu anasema huo si wizi, kwa kuwa makala haipungui ikisomwa na mtu wa pili. Mimi moyo unasita. Nimebakiwa na miezi mitatu tu, kwenda chuoni ni safari ya siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi, na bando la intaneti ninalolimudu haliruhusu kubahatisha. Naomba uniongoze.

Afisa Ugani, Kibaigwa

JIBU

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nimefurahi kwamba umeeleza mambo yote, hata yale yanayokutia aibu, maana bila hayo ningekushauri nusu nusu.

Nianze na zile dola 39. Usizilipe. Chuo kinapolipia majarida, au kinapopewa ruhusa ya kuyasoma bure, mchapishaji hawatambui wanafunzi mmoja mmoja kwa majina yao. Anachokitambua ni anwani ya mtandao wa chuo, yaani ile namba ambayo kila kifaa huonekana nayo kinapokuwa mtandaoni. Kompyuta za maktaba zina anwani hiyo, ndiyo maana hukuulizwa kitu. Kompyuta yako ikiwa Kibaigwa ina anwani ya kampuni ya simu, na kwa hiyo mchapishaji anakuona kama mpita njia yeyote na kukuonyesha bei anayomwonyesha kila mpita njia. Haki yako ya kusoma haikuisha ulipopanda basi la kurudi nyumbani. Kilichokosekana ni njia ya kumjulisha mchapishaji kwamba wewe ni mwanafunzi wa chuo kile.

Vyuo vingi vimetengeneza njia hiyo. Kwenye tovuti ya maktaba hutakosa mahali palipoandikwa kwamba ni pa kuingilia ukiwa nje ya chuo. Unaweka namba yako ya usajili au barua pepe ya chuo pamoja na nywila, kisha seva ya chuo inakuombea makala kwa anwani yake na kukuletea. Kosa ambalo nimeliona kwa miaka yote niliyokaa kwenye dawati la huduma ni mwanafunzi kuanzia Google, kubonyeza tokeo, na kuangukia moja kwa moja kwa mchapishaji bila kupita kwenye maktaba yake. Akifika huko anaona bei, anakata tamaa, na kuamini kwamba chuo hakina kitu. Anzia kwenye tovuti ya maktaba, ingia kwanza, na ndipo utafute. Kama unapenda kutumia Google Scholar, ile Google ya maandiko ya kitaaluma, ambayo mimi pia naipenda, fungua mipangilio yake na uangalie sehemu ya viungo vya maktaba. Iwapo chuo chako kimejiandikisha huko, kiungo cha maktaba kitajitokeza kando ya matokeo.

Katika fani yako kuna mlango mwingine, na nasikitika kwamba wanafunzi wengi wa kilimo wanamaliza shahada bila kuusikia. Unaitwa Research4Life. Ni ushirikiano wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, vyuo vikuu na wachapishaji wakubwa, unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo ruhusa ya kusoma majarida bure au kwa bei ndogo sana. Una sehemu tano. Hinari ni ya afya, ilianza mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani. AGORA ni ya kilimo na chakula, ilianza mwaka 2003 chini ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Nyingine ni OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia na ubunifu, na GOALI ya sheria. Tanzania imo katika kundi la nchi ambazo taasisi zake hazilipi chochote. Sumukuvu ni jambo la kilimo na ni jambo la afya, kwa hiyo AGORA na Hinari zote mbili zinakuhusu.

Masharti yake ni mawili, na yakikiukwa mlango haufunguki. Kwanza, anayejisajili ni taasisi, si mtu binafsi. Usipoteze jioni nzima ukijaribu kujiandikisha kwa jina lako, bali muulize mkutubi kama chuo kimesajiliwa na uombe utaratibu wa kuingia. Pili, ukishaingia ni lazima uyafikie majarida kupitia ukurasa wa Research4Life wenyewe. Ukitoka humo ukaenda kwa mchapishaji kwa njia nyingine, atakudai dola zake kama kawaida.

Hapo hapo nikuambie jambo ambalo huenda hukulitarajia: vituo vya ugani na ofisi za serikali ni miongoni mwa taasisi zinazoweza kusajiliwa AGORA. Ukishawasilisha tasnifu, zungumza na afisa kilimo wa wilaya ili ofisi yenu ijisajili. Siku utakapohitimu, chuo kitaifunga akaunti yako, lakini wakulima wa Kongwa watakuwa wangali wakikuuliza maswali, na maafisa wenzako ambao hawasomi chuo chochote wanayahitaji majibu hayo kama wewe.

Sasa mwandikie mkutubi wa chuo chako leo, kabla hujafanya jambo jingine lolote. Usimwandikie kwamba makala hazifunguki, kwa sababu hatajua aanzie wapi. Mtajie jina lako, namba ya usajili na programu unayosoma. Mwambie uko Kibaigwa na unatumia mtandao wa simu. Mpe kichwa kamili cha makala moja iliyokataa na jina la jarida. Nakili maneno yaliyotokea kwenye skrini kama yalivyo au piga picha ya skrini. Kisha muulize mambo matatu: naingiaje nikiwa nje ya chuo, je, chuo kimesajiliwa Research4Life, na je, mnaweza kunitafutia makala ambayo chuo hakina kutoka maktaba nyingine. Hilo la mwisho ni huduma ya kawaida ya maktaba, ingawa ni wanafunzi wachache wanaoiomba. Usiogope kumsumbua. Kazi yetu ndiyo hiyo, na barua iliyoandikwa vizuri namna hiyo inajibiwa upesi kwa sababu haimlazimu anayeisoma kuuliza maswali mengine.

Nije kwenye kutafuta kwenyewe. Naomba utulie nami hapa, kwa kuwa naona ndipo ulipopotezea muda mwingi zaidi kuliko kwenye malipo. Katalogi ilikuambia hakuna tokeo hata moja kwa sababu katalogi ya maktaba huorodhesha vitabu, tasnifu na majina ya majarida, lakini makala zilizomo ndani ya majarida kwa kawaida hazimo humo. Hizo hutafutwa kwenye hifadhidata, yaani mikusanyo ya taarifa za makala inayopekuliwa mtandaoni. Google nayo ilikumwagia matokeo kwa sababu kichwa kizima cha utafiti kina maneno kama athari, tathmini na uhusiano, ambayo yamo katika kila andiko la kitaaluma duniani. Kichwa cha tasnifu huandikwa ili kisomwe na watu. Ukitafuta kwa mashine, unahitaji dhana zilizomo ndani yake tu.

Chukua daftari, uchore safu nne. Mada yako ina dhana nne: zao, sumu, uhifadhi na mahali. Chini ya kila dhana andika maneno yote ambayo mwandishi mwingine angeweza kuyatumia kwa kitu hicho hicho, na kwa kuwa makala nyingi za fani hii zimeandikwa kwa Kiingereza, hapo huna budi kuandika ya Kiingereza. Mahindi wengi huyaita “maize”, lakini Mmarekani ataandika “corn”, na mtaalamu wa mimea ataandika “Zea mays”. Sumukuvu ni “aflatoxin”, lakini makala nyingine zinataja kundi zima la sumu za ukungu, yaani “mycotoxin”, na nyingine zinataja kuvu anayeitoa, “Aspergillus flavus”. Kihenge chetu utakikuta kama “granary” au kimefichwa ndani ya “traditional storage”, na mifuko isiyopitisha hewa utaikuta kwa neno “hermetic”. Usiache kulijaribu na neno “kihenge” lenyewe: watafiti wa hapa nyumbani mara nyingine huliacha kama lilivyo, na ukilipata kwenye ikisiri, yaani muhtasari wa makala, ujue umepata mtu aliyezifikia kaya kama unazozifikia wewe. Ukikwama kwenye istilahi, FAO wana kamusi ya dhana za kilimo iitwayo AGROVOC, ipatikanayo bure mtandaoni, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake.

Maneno ya dhana moja yaunganishe kwa OR, dhana na dhana uziunganishe kwa AND, na uviandike viunganishi hivyo kwa herufi kubwa. Maneno mawili yanayokwenda pamoja yatie katika alama za kunukuu. Neno lenye miisho mingi likate na uweke kinyota. Utafutaji wako wa kwanza utakuwa hivi:

(maize OR corn OR “Zea mays”) AND (aflatoxi* OR mycotoxin*) AND (storage OR stored OR granar* OR hermetic) AND Tanzania

Angalia nilipolikata neno la sumukuvu. Nikiweka kinyota baada ya “aflatoxin”, napata umoja na wingi tu. Nikikiweka herufi moja nyuma, napata pia “aflatoxicosis”, ambao ndio ugonjwa wenyewe, na makala za mlipuko wa 2016 zimejaa neno hilo. Lakini ukikata mapema mno unajiletea taka: “stor*” itakupa ghala, na itakupa pia hadithi, dhoruba na korongo. Google Scholar haifuati kinyota cha namna hii, kwa hiyo huko andika maneno kamili. Kipo pia kiunganishi NOT, nacho nakuomba usikiguse kwa sasa. Ukisema hutaki karanga, utazitupa makala zote zilizopima mahindi na karanga kwa pamoja, na hizo ni nyingi katika fani yako, maana sumu ni moja na mara nyingi mkulima ni mmoja.

Usitaje Kongwa mwanzoni. Mtafiti aliyefanya kazi Kongwa huenda aliandika Dodoma, au Tanzania ya kati, au maeneo makavu ya Afrika Mashariki, na neno Kongwa likabaki katikati ya makala ambako hifadhidata nyingi hazitafuti, kwa sababu hupekua kichwa, ikisiri na maneno muhimu tu. Anza na Tanzania. Ukipata matokeo machache kuliko kumi, ongeza Kenya na Uganda kwa OR. Ukipata mamia, ongeza dhana nyingine au weka kikomo cha miaka. Kila unapotafuta, andika daftarini tarehe, hifadhidata, maneno uliyotumia na idadi ya matokeo. Ni kazi ya dakika moja, lakini msimamizi akikuuliza ulizipataje makala zako utakuwa na jibu lenye ushahidi, na wewe mwenyewe hutarudia Alhamisi utafutaji ulioufanya Jumatatu.

Ukipata makala moja nzuri, isikutoke mkononi kabla hujaikamua. Chukua ile ya mlipuko wa Kenya wa mwaka 2004, ambapo watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2005 jarida la Environmental Health Perspectives lilichapisha utafiti uliowalinganisha wagonjwa 40 wa mlipuko huo na watu 80 ambao hawakuugua, na mojawapo ya mambo waliyoyachunguza ni mahali kaya zilipohifadhi mahindi. Hilo ndilo swali lako hasa, limeulizwa katikati ya mlipuko uliokwisha kuua watu. Isome yote. Kisha nenda nyuma, kwenye orodha yake ya marejeo, uone waliwategemea nani. Halafu nenda mbele, kwa kubonyeza kiungo cha Google Scholar kinachoonyesha waliolinukuu andiko hilo baadaye, na humo ndimo utakamoanza kukutana na watu waliofanya kazi Tanzania baada ya 2016. Kwa njia hiyo makala moja inaweza kukuletea kumi na tano bila kuandika neno jipya.

Makala hiyo, kwa bahati njema, haidai senti moja kutoka kwa yeyote, kwa sababu jarida lake liko wazi kwa wote. Ziko nyingi za namna hiyo, na kwa mtu aliye mbali na chuo ndizo za kuanzia. PubMed Central ina makala kamili za afya na lishe zinazosomwa bure. African Journals Online, ambayo wengi tunaiita AJOL, ilianzishwa mwaka 1998 na sasa iko Afrika Kusini. Humo utakuta majarida ya bara letu ambayo wachapishaji wakubwa wa Ulaya hawana habari nayo, likiwemo lile la sayansi za kilimo linalotolewa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Hifadhi ya kidijitali ya chuo hicho cha Morogoro nayo ina tasnifu za wanafunzi waliokutangulia. Zisome, angalau sura zao za pili na za tatu, uone walivyopima unyevu na walivyochagua kaya. Na makala inapokudai fedha, kabla hujaiacha, bonyeza kwenye Google Scholar pale panapoonyesha matoleo yote ya andiko hilo, kwani mara nyingi mwandishi ameweka nakala yake kwenye hifadhi ya chuo chake. Ikishindikana, mwandikie mwandishi mwenyewe. Barua pepe yake huwa imechapishwa kwenye ukurasa wa kwanza, ukurasa ambao huonyeshwa bure. Waandishi wengi hufurahi kuombwa.

Kuhusu bando, soma ikisiri kwanza na ushushe faili la PDF pale tu ikisiri inapokuridhisha. Usihifadhi anwani iliyoko juu ya kivinjari ukiwa umeingia kupitia maktaba, kwa sababu mara nyingi ni ya muda na kesho haitafunguka. Hifadhi namba ya DOI, yaani namba ya utambulisho wa makala, ile inayoanza na 10, ambayo haibadiliki hata jarida likihamia kwa mchapishaji mwingine. Weka kila kitu kwenye Zotero, programu ya bure inayotunza makala na kupanga marejeo kwa mtindo unaotakiwa na chuo. Na kama una safari moja tu ya chuoni katika miezi hii mitatu, usiende mapema. Kusanya kwanza orodha ya DOI zote zilizokushinda, ndipo uende nayo ukazishushe zote kwa siku moja.

Nywila ya rafiki yako irudishe kwa shukrani. Ni kweli kwamba makala haipungui, na mume wako anayo haki ya kuliona jambo hilo kwa namna hiyo. Lakini akaunti ile rafiki yako hakuwa na mamlaka ya kuigawa, kwa kuwa mkataba wa chuo chao na wachapishaji unawahusu wanafunzi na wafanyakazi wa chuo hicho peke yao. Wachapishaji hufuatilia. Wakiona akaunti moja inashusha makala kwa wingi, au inafunguliwa Dodoma na mji mwingine kwa saa moja, huweza kuufunga mlango kwa chuo kizima mpaka jambo lichunguzwe. Nimewahi kuishuhudia siku ya namna hiyo, wakati wanafunzi wa mwaka wa mwisho walipokuja dawatini mmoja baada ya mwingine wakiuliza kwa nini hakuna kinachofunguka, na nisingependa uwe sababu ya siku kama hiyo kwa watu usiowajua. Tena huihitaji. Chuo chako kinakudai ada, na haki hiyo hiyo unayo kwa jina lako.

Limebaki la akili mnemba, nalo ndilo zito. Programu zile hutunga sentensi zinazofanana na zile zilizofunzwa nazo, na rejeo la kitaaluma kwao ni sentensi kama nyingine: jina linaloaminika, mwaka unaoaminika, jarida ambalo pengine lipo kweli, na makala ambayo haikuandikwa na mtu yeyote. Kulibaini ni rahisi. Andika kichwa cha makala ndani ya alama za kunukuu kwenye Google Scholar, kisha ifungue DOI yake kwa kuiandika baada ya https://doi.org/ kwenye kivinjari. Ikifungua makala nyingine au isipofungua chochote, fika kwenye tovuti ya jarida lenyewe utazame toleo la mwaka uliotajwa. Kama halimo, halipo. Fanya hivyo kwa marejeo yote ya sura ya pili, siyo hayo saba tu, kwa sababu ukishaona saba huna tena sababu ya kuyaamini mengine uliyopewa kwa njia hiyo hiyo. Programu hizo unaweza kuzitumia kukupendekezea maneno ya kujaza zile safu nne za daftari, na humo zinafaa sana. Chanzo cha kunukuu zisikupe kamwe, na lolote usilolisoma wewe mwenyewe lisiingie kwenye tasnifu.

Msimamizi mwambie. Najua unavyoogopa, lakini yeye ameshatafuta na ameshakosa, kwa hiyo sehemu ngumu ya habari anayo tayari. Asichokijua ni sababu, na akiachwa aikisie mwenyewe atakisia mbaya kuliko ilivyo. Sumukuvu haionekani kwa macho kwenye punje, na mkulima atakayekuuliza ahifadhi wapi mahindi yake hana namna ya kuikagua sura yako ya pili. Anakuamini wewe, nawe unaiamini orodha yako ya marejeo. Msimamizi ndiye mtu pekee aliye katikati anayeweza kuikagua, na amefanya kazi yake.

Andika ujumbe mfupi. Sema kwamba marejeo hayo saba uliyapata kwa programu ya akili mnemba, hukuyahakiki, umeyaondoa, na kwamba umekagua yaliyobaki moja baada ya jingine. Mweleze pia kwamba ripoti za FAO, za Shirika la Afya Duniani na za wizara ungependa kuzibakiza kama ripoti, zikitajwa mwandishi wake ambaye ni taasisi, na umuulize kama anakubali. Nadhani atakubali, kwa maana alichokilalamikia ni kurasa zisizo na mwenyewe. Ambatisha daftari lako la utafutaji hata kama lina siku tatu tu ndani yake. Nawe usiutume ujumbe huo kabla hujapata walau makala tano mpya ambazo umezisoma tangu mwanzo hadi mwisho, uzitaje hapo hapo, na moja kati ya hizo iwe ile ya wagonjwa 40.

Mama Mkutubi